Kabla ya spika kubwa, sindano: namna ya kuokoa santuri za Kisangani kwa fedha kidogo

Katika baadhi ya nyumba za zamani za Kisangani, juu ya kabati au chini ya kitanda cha babu, bado kuna katoni ya santuri. Ndani yake mna santuri ndogo za mizunguko 45 za OK Jazz na African Jazz, pengine hata zile nzito za mizunguko 78 zenye nembo ya Ngoma au Loningisa, zilizonunuliwa wakati mji ungali ukiitwa Stanleyville. Mara nyingi mwenye katoni alishafariki. Watoto wake hawana mashine ya kuzipiga, au wanayo lakini inakwaruza tu, na mwishowe katoni hutolewa nje siku ya kusafisha nyumba, au huuzwa kwa mpita njia kwa bei ya chikwange mbili tatu.

Wale waliobaki na mapenzi ya santuri nao wana kosa lao. Wakipata dola mia, wananunua spika. Kisangani ni mji unaopenda sauti kubwa, na baa hupimwa kwa urefu wa masanduku yake ya muziki. Lakini spika haiwezi kutoa kitu ambacho sindano haikukiokota kwenye mfereji wa santuri. Spika kubwa yenye sindano iliyochakaa hukuza makwaruzo, basi. Na wakati huohuo sindano hiyo inaendelea kuchimba. Kila wimbo unapopigwa, unapungua kidogo, na kilichopungua hakirudi.

Hakirudi kwa sababu waliotengeneza hawapo tena. Ngoma ilianzishwa Léopoldville mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, na mwaka huohuo ikatoa wimbo wa Wendo Kolosoy uliomfanya ajulikane hadi huku juu ya mto. Loningisa ilikuja mwaka 1950, na ndiko OK Jazz ilikorekodi ilipoundwa mwaka 1956. Kampuni hizo zote ni historia. Kiwanda cha Mazadis mjini Kinshasa, kilichochapa santuri za Zaire, nacho kilikufa, kaseti zikachukua nafasi, kisha CD, kisha simu. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville kwa pamoja. Kulikuwa na shangwe, na ilistahili. Lakini urithi huo, kwa sehemu kubwa, umeandikwa kwenye sahani za plastiki zilizo mikononi mwa watu binafsi, na hakuna karatasi ya Paris inayozifuta vumbi.

Kisangani ina sababu zake za kujali kuliko miji mingine. Abeti Masikini alizaliwa hapa mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant aliyeongoza Jimbo la Mashariki mwaka 1960 na kuuawa mwaka uliofuata. Santuri yake kubwa ya kwanza ilitoka Paris mwaka 1973, mwaka ambao pia alipanda jukwaa la Olympia, na mwaka 1974 akaimba Carnegie Hall mjini New York. Koffi Olomide naye alizaliwa hapa, mwaka 1956. Na kabla yao, mwaka 1952, Hugh Tracey alipita kaskazini mwa Kongo na mashine yake ya kurekodi, akachukua sauti za Watopoke, watu wa upande wa Isangi, pamoja na za jamii nyingine za msituni. Kazi hiyo inahifadhiwa leo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, Afrika Kusini. Anayetaka kusikia jinsi wazee wa Isangi walivyoimba miaka 70 iliyopita anapaswa kuuliza kwenye mji ulio karibu na Bahari ya Hindi, si kwenye mto Lomami.

Mji wenyewe umepoteza mengi. Mwaka 1964 ulipita kwenye uasi wa Simba na kilichofuata. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mitaa yake siku sita, raia wakafa kwa mamia, nyumba zikaangushwa na makombora. Katika nyumba zilizoungua hakuna aliyehesabu santuri, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ila zilizosalia baada ya hayo yote hazistahili kumalizwa na sindano ya dola tano.

Basi fedha kidogo zianzie wapi?

Zianzie pale chuma kinapogusa plastiki. Sindano ya kisasa ina ncha ya almasi, ndogo kiasi kwamba jicho haliioni vizuri. Ikichakaa, ncha yake ya duara hugeuka kuwa na kingo, na kingo hizo hukata kuta za mfereji kama patasi. Sindano ya almasi hudumu mamia ya saa, si miaka ishirini. Ile ya yakuti, iliyokuwa kawaida kwenye mashine za bei nafuu, hufa mapema zaidi. Mashine iliyorithiwa kwa mjomba ikiwa bado ina sindano yake ya kwanza, jambo la busara ni kutopiga santuri yoyote hadi sindano ibadilishwe. Kwa mashine nyingi za kawaida sindano mpya hupatikana nje kwa dola 20 hadi 30, na ni kitu chepesi kinachoingia kwenye bahasha ya msafiri. Anayetaka kubadilisha kichwa kizima ana chaguo kama Audio-Technica AT-VM95E, ambacho huuzwa nje kwa chini ya dola 100 na ambacho sindano yake huchomolewa na kubadilishwa bila kufungua skrubu. Hakuna matumizi mengine ya kiasi hicho yanayoleta tofauti kubwa hivyo masikioni.

Zile mashine za sanduku, zenye mpini kama begi, zinazotoka China na kuonekana nzuri kwenye picha, ni habari nyingine. Nyingi hutumia kichwa cha kauri kinachokandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, na hazina njia ya kupunguza uzito huo. Kwa santuri iliyonunuliwa jana hilo linavumilika. Kwa nakala ya pekee ya mwaka 1962, ni ukatili. Mashine kuukuu iliyotengenezwa Japani au Ulaya miaka ya 1970 au 1980, yenye mkono unaorekebishwa, ni bora kuliko sanduku jipya, hata kama mbao yake imepauka.

Na hapa Kisangani ina bahati ambayo wapenzi wa santuri wa Brussels wangeionea wivu. Baada ya kubadilisha sindano, lazima uzito wake juu ya santuri upimwe: AT-VM95E inataka gramu 2, kichwa maarufu cha bei nafuu cha AT3600L kinataka takriban gramu 3.5. Ulaya watu huagiza mizani maalum. Hapa, mji una nyumba za kununulia almasi zenye mizani sahihi kuliko hiyo. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu 2 ni karati 10 kamili. Mfanyabiashara mwenye moyo mwema anaweza kupima ndani ya dakika moja, mradi mashine iletwe kwake au mizani ipelekwe kwenye mashine. Tahadhari ni mbili. Sindano ipimwe ikiwa kwenye kimo kilekile cha santuri, si juu zaidi. Na kwa kuwa ndani ya kichwa mna sumaku, mizani yenye sahani ya chuma inaweza kudanganya. Kipande cha mbao kikiwekwa juu yake na kurudishwa kwenye sifuri, tatizo linakwisha. Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika mji unaouza almasi kwa dunia kukosa almasi moja ndogo ya kusikilizia muziki wake wenyewe.

Watu wengi huogopa uzito na kuupunguza kupita kiasi, wakidhani wanailinda santuri. Ni kinyume. Sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, hasa gitaa linapopanda. Uzito uliowekwa na mtengenezaji ndio salama.

Baada ya hapo kuna kazi zisizogharimu kitu. Mashine iwe sawa kabisa, na bilauri ya maji iliyojaa hadi ukingoni inatosha kuonyesha upande unaoinama. Isiwekwe juu ya meza moja na spika. Katika nyumba ya sakafu ya mbao, au ambapo watoto wanapita mbio, rafu iliyofungwa ukutani huondoa mtikisiko ambao fedha nyingi haziondoi. Kichwa kielekezwe vizuri kwa kutumia karatasi ya kupimia inayopatikana bure kwenye intaneti. Vibanda vya fotokopi karibu na UNIKIS vinaweza kuichapa, lakini aambiwe mwenye kibanda asiipunguze wala kuikuza, kwa sababu milimita moja ikipotea karatasi nzima ni takataka. Kazi hii ina faida ya pekee kwa muziki wa Kongo. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, mfereji unapita chini yake polepole zaidi, na kosa la kuelekeza husikika hapo kuliko mahali pengine. Santuri nyingi za mizunguko 45 ziligawa wimbo pande mbili, maneno upande wa kwanza na sebene upande wa pili. Basi gitaa la Franco au la Docteur Nico linafika kwenye kilele chake mahali ambapo sindano mbovu hukosea zaidi, na anayesikia kelele hapo hudhani wanamuziki ndio waliorekodi vibaya.

Mkanda wa mpira unaozungusha sahani hulegea kwa joto. Njia ya kuupima ni hii: kipande cha karatasi kibandikwe ukingoni mwa sahani, kisha mizunguko ihesabiwe kwa dakika tatu. Ikifika 100, mwendo wa santuri kubwa ni sahihi. Ikifika 96 au 97, mkanda umechoka au mafuta yamekauka kwenye mhimili. Tone moja la mafuta ya cherehani limefufua mashine nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kufa.

Lakini mkanda si sababu pekee ya mwendo mbaya, na hapa ndipo Tshopo inapokuwa na shida yake maalum, yaani umeme. Mtambo uliojengwa kwenye mto Tshopo miaka ya 1950 haujawahi kutosha kwa mji ulivyokua, na kila nyumba inajua maana ya kungojea zamu. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wenyewe. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, yenye kutaka mapigo 60, ikiletwa Kongo ambako umeme ni wa mapigo 50, inazunguka mara 28 badala ya 33 kwa dakika hata ikipewa transfoma ya kushusha volti. Sauti ya Abeti inageuka kuwa ya mwanamume aliyechoka. Transfoma haitibu hilo. Kinachotibu ni puli ya mota yenye unene zaidi kwa sehemu moja ya tano, ambayo fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuichonga. Jenereta nayo, ikipanda na kushuka, inaupandisha na kuushusha wimbo. Inveta za bei ya chini huleta mngurumo.

Kwa nyumba yenye paneli ya jua, chaguo bora ni mashine ndogo ya mkanda yenye mota ya umeme wa betri, inayotumia adapta ya volti 12. Hiyo inaweza kuunganishwa na betri, kupitia kidhibiti cha kutuliza volti, na mwendo wake haujali kama mtaa una umeme au hauna. Mafundi wa simu na wa paneli mjini wanaifahamu kazi hiyo tayari, hata kama hawajawahi kugusa santuri.

Kinachofuata ni kifaa ambacho wengi hawajui kwamba kinahitajika. Sindano ya sumaku hutoa umeme mdogo sana, na santuri zenyewe huchongwa zikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti za juu zilizoongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa tangu miaka ya 1950. Amplifaya za zamani zilikuwa na tundu maalum la kurekebisha hayo. Za leo, na spika za simu, hazina. Anayeunganisha mashine moja kwa moja anapata muziki wa mbali, mwembamba, kama redio ya jirani, halafu anakwenda kununua spika kubwa zaidi. Kikuza sauti kidogo cha santuri, kinachouzwa nje kwa dola 25 hivi, kingemaliza neno. Na ule mngurumo usiokoma mara nyingi hutokana na waya mwembamba wa ardhi ulioning'inia nyuma bila kufungwa popote.

Spika? Zije mwisho. Jozi ya mbao ya zamani iliyobadilishwa sponji iliyooza inatosha chumba cha familia.

Kuosha santuri ni muhimu sawa na sindano, maana vumbi lililokandamizwa ni msasa. Maji ya kisima au ya mto yana chembe na chumvi. Maji yaliyochujwa yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa, mradi ni maji na si asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kufuta kwa kufuata mzunguko na kusuuza. Karatasi ya katikati isilowe. Santuri za mizunguko 78 zisiguswe kabisa na spiriti wala alkoholi, kwa sababu zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka ndani yake. Watu wameosha santuri ya mwaka 1950 wakabaki na sahani yenye utelezi. Hizo pia zina mfereji mpana na zinahitaji sindano nene, karibu mara nne ya ile ya kawaida. Katika mji ulio karibu na ikweta, ambako mvua haipumziki kwa muda mrefu, kuvu ndiye adui wa kila siku. Santuri zisimame wima, mbali na bati lenye joto, ndani ya chumba kinachopitisha hewa, na zile karatasi za ndani zilizoshika ukungu zitupwe.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa. Simu ina kila wimbo, na mwenye dola mia Kisangani ana shule ya watoto ya kulipia. Hoja ya pili haina jibu jepesi, na hakuna anayepaswa kuuza mfuko wa mchele ili anunue sindano. Hoja ya kwanza si kweli. Nyimbo nyingi za santuri ndogo hazipo kwenye intaneti, na baadhi ya zilizopo zilinakiliwa kutoka santuri zilizochoka, kwa mwendo usio sahihi, bila jina la mpiga gitaa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalijua hilo. Wanatafuta santuri za Afrika kwa bidii, na moja iliyonunuliwa hapa kwa franka chache inaweza kuuzwa kwao kwa makumi ya dola. Kuuza si dhambi. Kuuza bila kujua kilichomo, na bila kubaki na nakala, ndiyo hasara.

Ndiyo maana si kila nyumba inayohitaji mashine. Mji unahitaji moja nzuri, mahali pa wazi: chuo kikuu, idara ya utamaduni ya jimbo, kituo cha redio, au nyumba ya wasanii kama Studios Kabako, ambayo imeonyesha kwa miaka mingi kwamba kazi ya sanaa inaweza kuishi Kisangani. Hesabu ni fupi. Mashine kuukuu yenye mkono unaorekebishwa, karibu dola 100. Kichwa kipya, dola 60 au 70. Sindano nene ya santuri za 78, dola 30 hadi 40. Kikuza sauti, 25. Kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, 30. Jumla haifiki dola 300 kwa bei za nje, usafiri kando. Mashine isiyo na mwendo wa 78 si kikwazo, kwani santuri inaweza kurekodiwa kwa mwendo wa 45 na kuharakishwa na programu ya bure ya Audacity. Familia ingeleta katoni yake, ikae hapohapo wakati wa kunakili, irudi nyumbani na santuri zake pamoja na nakala kwenye simu. Nakala ya pili ingebaki kwa watafiti, na kama ni ya kutangazwa, haki za watunzi zina chombo chake, SOCODA. Kazi ngumu si mashine, ni daftari: nani aliinunua, wapi, mwaka gani, nani anapiga tarumbeta. Majibu hayo wanayo wazee wenye miaka 75 na zaidi, na daftari hilo linaweza kuanza hata kabla mashine haijafika.

Ikiagizwa, njia nayo ifikiriwe. Mzigo unaokuja kwa barabara kupitia Nia-Nia na Bafwasende hupigwa vibaya, na unaopanda kwa boti kutoka Kinshasa huloweshwa. Msafirishaji aombwe mambo manne tu: sahani nzito itolewe na kufungwa peke yake, uzani wa nyuma ya mkono uondolewe, mkono ufungwe kwa uzi laini, na sindano ichomolewe iwekwe kwenye mfuko wa anayesafiri mwenyewe.